Triga ya Pili

Sosiot,
14 Agosti 2023

Ndugu yangu Nyamweya,

Chamgei. Barua hii inaletwa na dada yako Bosibori akitoka kuuza ndizi hapa sokoni. Nimemwambia asikupe mpaka umalize kula, maana najua ukiisoma utaiacha sahani na kuanza kubishana nami ukiwa peke yako. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za mahindi ukanijibu habari za mazishi ya jirani, na mimi nimesimama mbele ya maduka napiga kelele kama mhubiri. Masikio yako tumeyamaliza sisi wenyewe, kwa kugonga mabati ya watu miaka kumi na minane. Basi tuandikiane.

Kazi imepatikana. Mwalimu Sally, yule aliyestaafu mwaka jana, anataka nyumba ya mbao, vyumba vitatu na sebule, upande wa juu wa shamba lake la chai. Msingi wa mawe uko tayari. Binti yake Nelvine atafanyiwa koito tarehe tisa Desemba, na Mwalimu ameapa kwamba wakwe wakija kuposa hawatakaa kwenye hema. Watakaa ndani ya nyumba mpya. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo haifiki miezi minne na mvua ya Oktoba iko katikati." Akaniambia, "Kipkemoi, kama huwezi niambie nitafute mwingine." Nikasema naweza. Nilisema kwa niaba yetu sote wawili, nisamehe.

Kwa nyundo hatutamaliza. Wewe unajua fremu ya nyumba kama hiyo inakula misumari mingapi. Kwa hiyo nimefika Kericho kuangalia bunduki za misumari. Nimeona za aina tatu. Ya kwanza inatumia hewa, ina kompresa yake ya umeme na paipu ndefu. Ya pili inatumia betri, huna haja ya waya wala paipu, lakini ni nzito kama mtoto wa darasa la kwanza. Ya tatu inatumia mkebe mdogo wa gesi. Kijana wa dukani aliniwekea kipande cha mbao nikajaribu ile ya hewa. Pa! Msumari wa inchi tatu umeingia wote mpaka kichwa. Nyamweya, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Niambie tuchukue gani. Na mama yako, Mama Nyabate, anaendeleaje? Mwambie mtoto wake wa Sosiot anamsalimu.

Wako,
Aron Kipkemoi


Sotik,
19 Agosti 2023

Kwa Baba Fancy,

Bosibori alinipa barua kabla sijanawa mikono. Usimwamini tena.

Mama yuko, miguu imevimba kidogo lakini mdomo haujavimba. Aliposikia jina lako akauliza kama bado unakula sana. Kila mgeni akija anamwambia jinsi ulivyompokea kwenu wiki tatu mwaka ule mbaya wa fujo za uchaguzi, watu wakikuuliza unamficha nani, ukiwajibu kwamba umemficha mama yako. Mke wangu Nyanchama hutoka nje akisikia hadithi inaanza, maana ameisikia mara mia. Lakini hutoka akitabasamu.

Sasa mambo ya bunduki. Wewe umeangalia mlio, mimi nitakuambia mengine.

Kwanza, kabla ya kuuliza bei, uliza misumari yake. Misumari hiyo haiuzwi kwa kilo kama yetu. Inakuja imeshikana kwa mkanda, na kila bunduki ina mkanda wake na mlalo wake. Ukinunua bunduki ambayo misumari yake inapatikana Nairobi peke yake, umenunua chuma cha kupigia mbwa. Hakikisha maduka mawili ya Kericho yanauza, sio moja.

Pili, ya gesi tuiache. Mkebe ukiisha Jumamosi jioni utaununua wapi? Ya betri ingefaa kule Soin ambako hakuna stima, lakini uzito huo ukiwa juu ya ngazi, mikono imeinuliwa, hapana. Chukua ya hewa. Mashine yenyewe inabaki chini, mkononi unabaki na kitu chepesi. Kwa Mwalimu stima iko. Paipu itatusumbua miguuni, lakini tutazoea.

Tatu, na hili ndilo nililoandikia barua. Kuna triga za aina mbili. Moja ni ya moja moja: unakandamiza mdomo wa bunduki kwenye mbao, halafu unavuta triga, msumari mmoja unatoka. Ukitaka mwingine, unaachilia vyote uanze upya. Nyingine ni ya kugusa: unashikilia triga tu, na kila mahali mdomo unapogusa, msumari unatoka. Mbao, ukuta, mtu, yenyewe haichagui. Nilimwona jamaa mmoja Kisii aliyefanya kazi na hiyo. Vidole vyake viwili havifungi.

Najua wewe ni mtu wa haraka. Nakuomba kama ndugu, chukua ya moja moja. Tukichelewa koito, Mwalimu atatutukana na tutapona.

Nitakuja mahindi yakiingia ghalani.

Wako katika kazi,
Nyamweya Mageto


Sosiot,
2 Septemba 2023

Ndugu Nyamweya,

Nimenunua. Ya hewa, kama ulivyosema, na misumari nimeikuta kwenye maduka matatu, sio mawili. Ndani ya sanduku kuna triga zote mbili. Nyeusi ndiyo ya moja moja na imeshafungwa tayari kwenye bunduki. Ya kugusa ni nyekundu, imewekwa pembeni kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Kijana wa dukani akaniambia, "Mzee, mafundi wengi wanabadilisha siku hiyo hiyo." Nikamwambia mimi nina mwenzangu anayenichunga kuliko mke wangu. Mfuko sijaufungua.

Mbao zimefika, saiprasi nzuri, bado ina maji kidogo. Mwalimu Sally anapita kila asubuhi kuzihesabu kama vile ni wanafunzi.

Njoo Jumatatu ya kumi na moja. Mke wangu ametandika kile chumba chako. Lete ule msumeno mdogo, na uniletee habari za mama.

Aron


Sosiot,
20 Oktoba 2023

Nyamweya,

Sijui kama watakusomea hii au utasoma mwenyewe. Nilikuja hospitalini mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa umelala. Mara ya pili ulikuwa macho, ukageuka ukutani. Mara ya tatu nikaambiwa umeshachukuliwa kupelekwa nyumbani Sotik.

Ninaandika kilichotokea ili kiwe kwenye karatasi na jina langu chini yake. Alhamisi ile, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa nimemaliza kupigilia boriti ya kona. Nilikuwa nashuka ngazi na bunduki mkononi, na kidole changu kilikuwa kwenye triga. Wewe ulikuwa umepiga goti moja chini unashikilia ngazi. Nilipofika karibu na chini, nilipiga kelele kwamba paipu imenaswa. Hukusikia. Niliivuta, mkono wangu ukateleza, na mdomo wa bunduki ukagusa goti lako.

Ile sauti ninaisikia hata nikiwa kanisani. Ni mlio ule ule uliopiga asubuhi nzima, lakini huu naujua.

Hukulia. Uliniangalia tu, kama mtu aliyeitwa jina na hajui nani amemwita. Halafu ukasema, "Kipkemoi, zima mashine." Uliona vizuri kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nimesimama tu.

Kosa ni langu. Nimemwambia Mwalimu, nimemwambia mchungaji, nimemwambia mke wangu. Yeyote akikuuliza, mwambie ni Aron. Sitaki tuanze kuchambua bunduki ilikuwaje na nini kilikuwaje. Mkono ulikuwa wangu.

Nijibu hata neno moja.

Aron


Sotik,
3 Novemba 2023

Kwa Aron Kipkemoi,

Ninaandika mimi, Janefer Nyanchama, mke wa Nyamweya. Barua zako zimefika. Usitume nyingine.

Daktari alisema msumari ulivunja mfupa wa goti na kuingia ndani ya kiungo, halafu uchafu ukaingia. Wamemfanyia upasuaji mara mbili. Mguu hautakunjika tena. Mume wangu ana miaka arobaini na tisa na jana alienda chooni akiwa amenishika bega.

Nimesoma barua yake ya mwezi wa nane, ile aliyokuandikia kuhusu triga, maana aliniandikisha nakala kabla ya kuituma. Alikuomba kama ndugu. Sasa niambie, bunduki ya moja moja inawezaje kufyatuka kwa kugusa goti la mtu? Mimi sijui mambo ya mbao lakini mimi si mjinga. Ulibadilisha. Ulikuwa na haraka ya kumfurahisha mwalimu wako, ukabadilisha.

Nilimuuliza Nyamweya kama ni hivyo. Amenyamaza. Nimekaa na huyu mtu miaka ishirini na mbili, najua akinyamaza hivyo anamfunika mtu. Anakufunika wewe hata sasa.

Nilikuwa nakuita Baba Fancy. Nilikuwa nakupikia. Usije hapa tena. Usije kwa ugonjwa, usije kwa harusi, usije kwa kifo. Tuache.

J. Nyanchama


Sosiot,
28 Desemba 2023

Kwa Nyamweya, na kwa Mama Gichana,

Sitaandika sana. Bosibori analeta vifaa vyako vyote: randa mbili, patasi tano, msumeno mdogo, na timazi. Nimevipaka mafuta visipate kutu.

Nyumba ilimalizika. Nilitafuta mafundi wawili kutoka Kapsoit wakamalizia paa, kwa nyundo. Koito ilifanyika. Mwalimu Sally alitaka kunishukuru mbele ya wageni, nikaondoka kabla ya chai.

Bunduki nimeiuza. Useremala nimeuacha. Mwezi huu nimepata kazi ya kupima majani kwenye kituo cha kununulia chai. Ni kazi nzuri. Unasimama kwenye mizani, mtu analeta gunia lake, unaandika, anaenda. Hakuna anayeshikilia ngazi.

Nimeheshimu uliloandika, Mama Gichana. Sitakuja.

Aron


Sotik,
17 Machi 2024

Ndugu yangu Kipkemoi,

Najua umesikia kwamba mama amefariki. Tulimzika Ijumaa ya wiki iliyopita. Bosibori ameniambia juzi tu kwamba siku ile alikuona. Anasema ulikuwa umesimama ng'ambo ya barabara, ndani ya shamba la chai la jirani, umevaa koti lako la kanisa, na kwamba ulikaa hapo kuanzia wimbo wa kwanza mpaka tulipofukia, halafu ukaenda zako kwa miguu. Alikuita kwa mkono. Ukakataa kwa kichwa.

Nimekaa na hilo jambo siku mbili, na sasa naandika. Nyanchama ameenda kuchuma majani, na nimeamua kwamba akirudi nitampa hii karatasi asome kabla sijaituma kwako.

Mama alilala wiki tano kabla ya kuondoka. Akili yake ilikuwa inaenda na kurudi. Ikirudi alikuwa anauliza, "Yule mtoto wangu wa Sosiot yuko wapi? Mbona haji?" Nyanchama alikuwa anamjibu kwamba uko na kazi nyingi. Mara ya mwisho mama hakumuuliza Nyanchama. Alinigeukia mimi, akapaza sauti nisikie, akasema, "Nyamweya, umemkosea nini?"

Hakuuliza wewe umenikosea nini. Aliuliza mimi nimekukosea nini. Nikajifanya sikusikia. Wewe unajua masikio yangu, kila mtu anajua, hakuna aliyeshangaa. Lakini nilisikia kila neno. Alikufa siku nne baadaye.

Kipkemoi, ile triga nyekundu niliifunga mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa. Bega langu la kulia lilikuwa limeharibika tangu mwaka juzi, na sikukuambia. Nilipokuandikia uchukue bunduki nyepesi, sikuwa nakufikiria wewe. Nilikuwa najifikiria. Na hata ile nyepesi ilinishinda. Kukandamiza, kuvuta, kuachilia, kukandamiza tena, kufikia saa sita nilikuwa sihisi vidole. Wewe ukifunga ukuta mzima, mimi niko nusu. Uliona, na ukaanza kunipa kazi ya kushikilia. Ulifanya kwa wema, hukusema kitu, na ndicho kilichoniuma.

Ile Jumatano mlisimama na Mwalimu Sally karibu na rundo la mbao. Mlikuwa mnaongea, sikusikia, halafu mkaangalia upande wangu mkacheka. Nikajua mnasema mzee wa Kisii amekwisha.

Saa kumi ulipoenda kukamua, nilifungua ule mfuko wa plastiki. Kubadilisha ni pini moja tu, hata dakika tano hazikufika. Nikapigilia ukuta wote wa chumba cha nyuma kabla ya kiza kuingia. Kipkemoi, ilikuwa tamu. Tangu bega liharibike sikuwahi kufanya kazi hivyo. Mimi niliyekuhubiria kuhusu yule jamaa wa vidole viwili.

Niliazimia nirudishe ile nyeusi asubuhi mapema, usijue. Lakini asubuhi nilipofika ulikuwa umeshawasha kompresa, uko juu ya ngazi. Ningekuambia wakati ule, yangekuwa maneno matatu tu. Nikaona aibu. Nikasema atashuka saa nne kunywa chai, nitaibadilisha hapo. Nikaja kukushikilia ngazi ili nisiwe mbali.

Halafu Nyanchama akauliza kama ulibadilisha wewe. Nilinyamaza. Akadhani nakufunika. Kila siku iliyopita, kusema kulizidi kuwa kugumu. Nikasoma kwamba umeacha useremala, nikanyamaza. Vifaa vyangu vikafika vimepakwa mafuta, nikanyamaza. Nikamwacha mama afe akikungojea.

Siwezi kukuomba unisamehe kwa sababu sijui ningeanzia wapi. Nimetaka tu uache kubeba kitu ambacho si chako.

Nyamweya


Sosiot,
25 Machi 2024

Nyamweya ndugu yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa kituoni, magunia yamenizunguka, watu wananiuliza kama mizani imeharibika.

Kwanza nikuondolee moja. Siku ile na Mwalimu tulikuwa tunacheka mbuzi wake. Alikuwa amesimama nyuma yako, amekula nusu ya kofia yako uliyoitundika kwenye msumari, na wewe unapiga randa hujui. Ndiyo tulicheka. Nilikuwa nije kukuambia, nikakuta uso wako umefunga, nikasema nitamwambia jioni. Sikukuambia.

Sasa sikiliza na mimi.

Ile Alhamisi niliposhika bunduki, mahali pa msumari mmoja ilitoka miwili. Mtu anayeshika mashine ile hawezi kukosea. Niliiangalia nikaona wekundu. Nikafungua sanduku nikaona mfuko uko wazi na triga nyeusi iko ndani. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilijua ni wewe tangu saa moja na nusu asubuhi, kabla hujafika.

Unajua nilifikiria nini? Sikufikiria hatari. Nilifikiria, leo nimempata. Nilifurahi, Nyamweya. Nikasema sitamwambia kitu, nitaitumia asubuhi nzima, nitamaliza boriti zote mvua haijaja, halafu wakati wa chai nitaiweka mezani mbele yake nimwambie, mhubiri, hii ni nini? Nilikuwa nimetunga hata maneno. Nilikuwa nayarudia nikishuka ile ngazi. Nilikuwa nacheka.

Kwa hiyo nilishuka na kidole kwenye triga nikijua ni triga gani. Wewe ulifunga kitu usichotaka nikitumie. Mimi nilikitumia nikijua.

Nilipokuandikia kwamba kosa ni langu na tusichambue bunduki, ulidhani sijui. Nilijua. Niliandika vile watu wakaniona mtu mzuri anayebeba lawama bila kuuliza, na nilipenda kuonekana hivyo. Mke wako aliponishtaki kwamba nilibadilisha, ningeweza kumwambia hapana. Lakini ningemwambia hapana, angeuliza ni nani, na angeuliza kama nilijua. Nikaona heri anichukie kwa uongo kuliko anijue kwa ukweli.

Hii ndiyo sababu sikuvuka barabara siku ya kumzika mama. Sio kwamba mke wako alinikataza. Ningevuka hata kama angenipiga mbele ya watu. Nilishindwa kupita mbele ya jeneza la mtu aliyeniita mtoto wake, na hiki kitu kiko ndani yangu.

Alinifundisha kula matoke na maziwa lala, mama yako. Kwetu walinicheka. Wiki zile tatu alikuwa anaamka mapema kuliko mke wangu, anawasha moto wa nyumba isiyo yake. Nilikuwa na miezi mitano ya kuja kumwona akiwa hai.

Sijui tufanye nini na hizi barua mbili. Goti haliwezi kurudi. Kama umempa Mama Gichana ile yako, mpe na hii.

Aron Kipkemoi


Sotik,
6 Aprili 2024

Baba Fancy,

Nimezisoma zote mbili. Ya Nyamweya aliniwekea mezani nikirudi kutoka kwa majani, akatoka nje na fimbo yake akaenda kukaa kwa ng'ombe mpaka nikamaliza. Yako aliisoma mara tatu kabla ya kunipa, na alipomaliza alilala na viatu.

Siku mbili sikuongea na yeye. Nilikuwa napika, naweka, naondoka. Siku ya tatu nikamuuliza, "Na kama mama asingekuuliza, ungeniambia lini?" Akasema hajui. Nilishukuru kwa hilo, maana angesema kesho ningerudi kwetu.

Nilikuwa na hasira na mtu mmoja. Hiyo ilikuwa rahisi, niliamka nayo na kulala nayo, ilinisaidia kumwosha na kumbeba. Sasa nina hasira na watu wawili, na mmoja wao ni mume wangu, na nyinyi wawili mlikuwa watu wazima mnaoogopa kuchekwa. Ni hivyo tu. Mguu wa mtu, na kazi ya watu wawili, kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake amcheke wakati wa chai.

Na mimi yangu niliyasema. Nilikuandikia usije hata kwa kifo. Wakati ule kila siku mama alikuwa ananiuliza uko wapi, nikimdanganya kwamba una kazi nyingi. Alikuwa ananishukuru kwa kumwambia. Hilo nitalibeba mimi, sitampa mtu mwingine.

Nyamweya hawezi kuja Sosiot. Kupanda gari na mguu uliokauka ni shida, na kuna siku hataki watu wamwone. Daktari amesema kuna mazoezi yanayoweza kupunguza maumivu, lakini goti limekwisha. Hataki kuona mbao. Mtoto wetu Gichana alimletea kiti kilichovunjika mguu akitaka amsaidie, akamwambia apeleke kwa fundi.

Njoo Jumamosi ijayo. Njoo mchana, watu wakiona, upitie kwenye lango, na uje na Mama Fancy. Kaburi la mama bado ni udongo mtupu, tunangojea litulie kabla ya kuweka saruji. Mtaanza hapo wewe na Nyamweya kabla ya kuingia nyumbani. Itabidi umshike mkono, kwa sababu hapo kuna mteremko.

Mimi sitakuwa hapo. Nitakuwa jikoni. Sijui nitasema nini nikikuona, na huenda nisiseme kitu, usinihukumu kwa hilo. Chakula kitakuwepo.

Janefer Nyanchama